Seli Iliyokataa Kuhitimu
Mhadhara kwa umma kuhusu jeni na saratani ya utumbo mpana



Mwezi uliopita nilikuwa msibani. Marehemu alikuwa seremala, mtu wa makamo, na kila aliyekuja kutoa pole alitaka kujua alikuwa akiumwa nini. Jibu likatoka: saratani ya utumbo mpana. Baraza likanyamaza kidogo. Kisha mzee mmoja niliyekaa naye mkeka mmoja akanigusa goti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Mdudu huyu anaingilia wapi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hakuna mdudu." Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu, na alikuwa na haki. Ukimwambia mtu kisichokuwepo hujamweleza kilichopo. Mhadhara wa leo ndio jibu nililopaswa kumpa siku ile. Mkeka wa msiba si mahali pa kuchorea seli, ndiyo maana nimeomba ukumbi.

Nianze na chuo cha Kurani. Wengi wenu mmesoma chuoni, na ambao hamkusoma mmewahi kupita nje yake saa za alasiri. Watoto arobaini wamekaa chini, kila mmoja na juzuu yake, na juzuu zote ni zilezile, herufi kwa herufi. Lakini hawasomi mahali pamoja. Huyu yuko kwenye alifu, yule anahangaika na sura fupi, na kule pembeni kuna mkubwa anayekaribia kuhitimu. Mwalimu anajua nani yuko wapi. Mpita njia anasikia mvumo tu.

Mwili wako ni chuo hicho. Karibu kila seli imebeba juzuu nzima, yaani DNA yote uliyorithi kwa baba na mama, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Seli ya jicho inayo jeni ya insulini lakini haiisomi. Seli fulani za kongosho zinaisoma usiku na mchana. Kusoma jeni ni kuitolea nakala. Kipande kile cha DNA kinanakiliwa kuwa uzi mfupi wa RNA, uzi unatoka kwenye kiini cha seli, na huko nje unafasiriwa kuwa protini, ambayo ndiyo mfanyakazi mwenyewe. Jeni ikitolewa nakala nyingi, wafanyakazi wake wanajaa. Isipotolewa nakala, ipo kama haipo. Wataalamu husema jeni "imewaka" au "imezimika". Mimi leo nitasema inasomwa, au imenyamaza.

Sasa tushuke utumboni.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Ukiutazama ndani kwa kamera unaona ukuta wa waridi, laini, unaong'aa kwa ute. Darubini inaonyesha jambo ambalo kamera haioni: ukuta ule umejaa vishimo, mamilioni ya vishimo vyembamba vilivyozama kama vidole vya glavu. Kila kimoja kina seli zipatazo 2,000. Kwenye kitako cha kishimo zimejificha seli mama chache, na hizo ndizo zinazozaa nyingine zote. Seli mama zikigawanyika, kwa wastani mtoto mmoja hubaki chini na mwingine huanza kupanda. Hapo mwanzoni mwa safari hugawanyika upesi upesi. Akifika katikati huacha kuzaana, akajifunza kazi: kunyonya maji na chumvi, au kutengeneza ute. Akifika mdomoni mwa kishimo ameshazeeka. Anadondoka, anatoka na choo. Safari yote huchukua siku nne au tano. Ukuta wa utumbo uliokuwa nao wiki jana hunao tena leo.

Nani anaiambia seli kwamba muda wa kubadili sura umefika? Chini ya kishimo seli zimelowana katika ujumbe wa kikemikali, protini za jamii ya Wnt. Ujumbe huo unapoigusa seli, protini nyingine iitwayo beta-katenini hujikusanya kwa wingi, ikaingia kwenye kiini, ikashikana na mwenzake TCF4, na wawili hao wakafungua kurasa za mwanzo: gawanyika, usikomae, baki mtoto. Kadiri seli inavyopanda ndivyo ujumbe unavyofifia. Huko juu, ujumbe ukiisha, huamka kundi la protini ambalo kazi yake ni kuikamata beta-katenini na kuipeleka ikavunjwe, na nguzo ya kundi hilo hutengenezwa na jeni iitwayo APC. Beta-katenini ikishaondolewa, kurasa za utotoni zinafungwa na za utu uzima zinafunguliwa.

Jeni ya APC iko kwenye kromosomu ya 5. Ilitambuliwa mwaka 1991 na makundi yaliyokuwa yakishindana, moja la Bert Vogelstein na Kenneth Kinzler kule Baltimore pamoja na Yusuke Nakamura wa Tokyo, jingine la Ray White huko Utah. Walifikishwa kwenye jeni hiyo na familia chache zenye mkosi usioelezeka: kijana wa miaka kumi na kitu akitazamwa utumbo, anakutwa na vinyama mamia kwa maelfu, vimeota kama uyoga baada ya mvua. Asipoondolewa utumbo ule, kwa hakika karibu kamili kimojawapo kitakuwa saratani kabla hajazeeka. Watu wale walizaliwa na nakala moja mbovu ya APC. Mshangao ulikuja baadaye, ilipopimwa saratani ya watu wa kawaida, wasio na historia yoyote katika ukoo. Takriban wanne kati ya watano walikuwa na APC iliyoharibika ndani ya uvimbe. Wao hawakuirithi, iliwaharibikia njiani, ndani ya seli moja, kwenye kishimo kimoja kati ya mamilioni.

Basi fikirieni seli hiyo. Nguzo ya kundi la wakamataji imevunjika. Seli inapanda, ujumbe wa Wnt umeisha, majirani wanafunga juzuu na kuhamia sura nyingine. Yeye beta-katenini yake bado imejaa. Anaendelea kusoma kurasa za kitako.

Mwaka 2002 maabara ya Hans Clevers, mjini Utrecht, ilichapisha jaribio ambalo kwangu ndilo kitovu cha habari hii yote. Walichukua seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuwa zikiishi kwenye sahani za maabara, wakaziwekea kizuizi kinachoinyima TCF4 nafasi ya kufanya kazi, kisha wakapima jeni nyingi kwa mkupuo mmoja waone zipi zimebadilika. Jeni zilizonyamaza zilikuwa zilezile ambazo katika utumbo wenye afya husomwa chini ya kishimo tu. Jeni zilizoanza kusomwa zilikuwa za seli za juu, zilizokomaa. Na seli zikaacha kugawanyika. Mpatanishi mkuu kati ya amri na utekelezaji alikuwa jeni mashuhuri iitwayo MYC, ambayo wenzao wa Baltimore walikuwa wameshaonyesha mwaka 1998 kwamba inaamrishwa na beta-katenini. MYC inapowaka huinyamazisha jeni ya breki, p21. Ondoa amri, MYC inashuka, breki inakamata.

Mnaona uzito wake? Tumezoea kusema seli ya saratani imeasi, imekuwa kichaa, imejitungia sheria zake. Nami nimewahi kuandika hivyo. Jaribio lile lilinifanya nifute. Katika hatua zake za mwanzo seli hii haijatunga kitu. Inasoma kurasa halali, zilizoandikwa kwa ajili ya seli za utumbo, kurasa ambazo bila hizo ukuta ungekwisha baada ya wiki moja. Kosa lake ni mahali na wakati. Imekuwa kama mwanafunzi aliyegoma kuhitimu: ndevu zimeota, bado yuko kwenye alifu, na anaisoma kwa sauti kuliko darasa zima.

Dalili kwamba saratani hufungua kurasa za zamani ilionekana mapema zaidi, hata kabla watu hawajajua kusoma jeni. Mwaka 1965, mjini Montreal, Phil Gold na Samuel Freedman walikuta protini moja kwenye uvimbe wa utumbo mpana ambayo hawakuiona kwenye utumbo wenye afya wa mtu mzima. Waliitafuta kwingineko, wakaikuta kwenye utumbo wa mimba changa. Wakaipa jina linalochanganya mambo yote mawili, saratani na kiinitete, na leo kila hospitali kubwa inaijua kwa herufi tatu: CEA. Aliyefanyiwa upasuaji wa saratani hii hupimwa CEA kwenye damu kila baada ya miezi kadhaa. Ikianza kupanda, daktari anashuku kuna seli mahali fulani zimerudi kusoma. Haifai kutafutia saratani kwa mtu asiye na dalili, maana hupanda hata kwa wavutaji sigara, na wapo wenye saratani ambao kwao haipandi kabisa. Nasema hivi kwa sababu nimeona CEA ikiuzwa ndani ya vifurushi vya "kupima afya ya mwili mzima".

Kutoka kinyama hadi saratani kuna hatua nyingine. Eric Fearon na Vogelstein walizipanga mwaka 1990, na kwa majina tunayoyatumia leo ni hivi: APC kwanza, baadaye jeni ya KRAS inakwama ikiwa imewaka, kisha walinzi kama SMAD4 na TP53 wanaangushwa. Si kila uvimbe unafuata foleni hiyo, lakini picha imedumu. La kushika ni kwamba mwendo huu kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Ndiyo sababu kumwingiza mtu kamera na kumkata kinyama leo kunaweza kumwokoa na saratani ya miaka kumi ijayo.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba jeni lazima ichanike ndipo mambo yaharibike. Kuna njia nyingine, na inaanza na fundi cherehani.

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, mshonaji mmoja alimwambia Aldred Warthin, daktari wa patholojia, kwamba anajua atakufa kwa saratani, kwa kuwa ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Warthin hakumpuuza. Alianza kuandika ukoo wake, nani kafa lini na kwa nini, akachapisha mwaka 1913. Mshonaji mwenyewe alikufa kabla hajazeeka, kwa saratani ya mji wa mimba. Miaka ya 1960 Henry Lynch alifuata nyayo zile katika koo nyingine, na kwa muda mrefu wakubwa wa taaluma hawakumwamini. Mwaka 1993 na 1994 jeni zikapatikana: MSH2, MLH1 na wenzao. Kazi yao ni kusahihisha. Kila seli inapogawanyika inanakili juzuu nzima, na nakala ya mkono haikosi makosa. Protini hizi hupita nyuma zikirekebisha herufi. Anayezaliwa na nakala moja mbovu ya mojawapo yumo hatarini, kwani ile nzima ikiharibika ndani ya seli yoyote, makosa ya seli ile hayasahihishwi tena.

Sasa sikilizeni. Katika kila saratani mia za utumbo mpana, kama kumi na tano hivi zina dalili ya usahihishaji kufa. Lakini zilizotokana na urithi ni chache, kama tatu. Nyingine nyingi, hasa kwa wazee, zikisomwa herufi zake, MLH1 haina kasoro. Ipo nzima kabisa. Tatizo ni kwamba haitolewi nakala. Mlangoni pake, pale ambapo usomaji huanzia, pamebandikwa vipande vidogo vya kikemikali viitwavyo methili, vingi, kama karatasi za benki kwenye mlango wa mtu aliyeshindwa deni. Nyumba ni nzima, vyombo vimo, haingiliki. Seli ikigawanyika inawarithisha watoto wake hadi zile karatasi.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubali kuambiwa saratani ni ugonjwa wa herufi tu. Herufi zinaweza kuwa safi na usomaji ukafa.

Nije kwenye vipimo, nikiomba radhi kwa kuwa hapa nitang'ang'ana. Tunajuaje jeni ipi inasomwa? Hadi miaka ya 1990 jeni ilipimwa moja moja. Mwaka 1997 kundi la Baltimore lilihesabu nakala za RNA zipatazo 300,000 kutoka tishu za njia ya chakula, zenye afya na zenye saratani, likaona kwamba jeni nyingi mno husomwa sawasawa pande zote mbili. Zilizotofautiana waziwazi zilihesabika kwa mamia. Mwaka 1999 Uri Alon na wenzake, wakiwa Princeton, wakatumia vipande vya kioo vyenye uwezo wa kupima jeni zaidi ya 6,000 kwa pamoja. Walikuwa na vipande 40 vya uvimbe na 22 vya utumbo usio na uvimbe. Kompyuta ikazitenganisha sampuli hizo karibu vizuri, huku saratani, huku afya. Ungetarajia washangilie.

Waliangalia jeni zipi zimefanya kazi ya kutenganisha, wakakuta nyingi ni za misuli. Jamani, misuli! Utumbo una ukuta wa misuli nje ya ule wa seli, na kipande cha utumbo wenye afya kikikatwa hutoka na misuli mingi, ilhali kipande cha uvimbe ni seli za saratani zimejazana. Sehemu ya tofauti iliyoonekana ilikuwa ya kisu cha mpasuaji. Kwa heshima yao, walilisema wazi ndani ya makala ileile.

Mkisaga kipande cha nyama mkapima RNA yake, mmesimama barabarani nje ya chuo. Mnasikia mvumo. Mvumo ukiwa mkubwa hamjui kama watoto wote wanasoma sura ile au ni wachache wanaopiga kelele. Somo hilo lilijirudia kwa namna nzito zaidi. Mwaka 2015 makundi kadhaa ya watafiti yaliunganisha takwimu zao, yakakubaliana kwamba saratani za utumbo mpana, kwa jinsi jeni zinavyosomwa, zina aina nne. Aina ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ndiyo ile ya mwanafunzi wetu, Wnt na MYC zikivuma. Ya kwanza imejaa askari wa kinga, na mara nyingi MLH1 imenyamaza. Ya tatu imebadili namna ya kutumia chakula. Ya nne, karibu robo ya wagonjwa, ndiyo mbaya kupita zote, na alama yake ilikuwa jeni za seli zinazohamahama. Wengi tukadhani tumesikia sauti ya seli ya saratani ikijiandaa kusafiri. Mwaka huohuo makundi mawili, la Hispania na la Italia, yakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya sauti ile inatoka kwa seli za kiunzi zinazouzunguka uvimbe, raia wema waliogeuzwa wahudumu wa jambazi. Siku hizi tunapima seli moja moja, tunakaa karibu na kila mtoto na kusikiliza. Ni kazi ghali na inachosha, ila haidanganyi sana.

Mzee wangu wa msibani alikuwa na swali la pili, ambalo hakuliuliza kwa sauti: ni chakula? Hapa lazima nipite Kampala.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alifanya kazi hospitali ya Mulago kuanzia mwaka 1948 hadi miaka ya 1960. Jina lake linajulikana kwa uvimbe wa taya za watoto. Lakini jambo lililomsumbua aliporudi Uingereza lilikuwa lile ambalo hakuliona Mulago: saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waganda, na Ulaya ilikuwa imejaa. Aliandikia hospitali za vijijini barua kwa mamia akiuliza mnaona nini. Yeye na wenzake wakafika hadi kupima uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni. Wanakijiji wa Afrika walipata choo kingi, laini, mapema, na Waingereza kidogo, kigumu, kwa kuchelewa. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: ni nyuzinyuzi za chakula. Alisifiwa na akachekwa. Hoja yake ilikuwa na matundu. Ugonjwa huu ni wa wenye umri, na wengi Uganda ya wakati ule hawakufikia umri huo, na waliofikia hawakuwa na wa kuwapima. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliwaongezea nyuzinyuzi watu waliokuwa wamekatwa vinyama, kwa miaka mitatu minne, vinyama vikarudi vilevile.

Hata hivyo Burkitt alikuwa ameshika ncha ya uzi asioweza kuuona. Nyuzinyuzi hatuzimeng'enyi sisi. Bakteria wa utumbo mpana wanazichachua, na katika kuchachua wanatoa butireti, ndugu wa ile asidi inayoipa siagi iliyochacha harufu yake. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zilizokomaa, zile za juu ya kishimo. Zinaichoma ikaisha kabla haijafika chini. Na ina kazi ya pili. DNA haikai wazi. Imeviringishwa kwenye protini ziitwazo histoni, na kuna vimeng'enya vinavyozibana zikafunga kurasa. Butireti huvizuia vimeng'enya hivyo. Seli ya saratani imeacha kuchoma butireti, inapenda sukari, kwa hiyo butireti hurundikana ndani yake, na huko maabara imeonekana ikifungua kurasa zilizofungwa, breki p21 ikiwemo, na kuisukuma seli ikomae.

Stephen O'Keefe wa Pittsburgh alilipeleka jambo hili kwa watu, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2015. Alichukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wa umri wa miaka 50 hadi 65, akawabadilishia sahani kwa wiki mbili. Wamarekani wakala nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku badala ya 14. Wanakijiji wakashushwa kutoka 66 hadi 12, wakapewa nyama na mafuta. Butireti ya Wamarekani ikapanda mara mbili na nusu, ya wanakijiji ikashuka kwa nusu. Na kwenye vishimo, protini ya Ki67, ambayo hutengenezwa na seli inayogawanyika tu, ilipungua kwa wale na kuongezeka kwa hawa. Wiki mbili tu! Sisemi watu wale wa Afrika Kusini walipata saratani. Walirudishiwa chakula chao. Nasema usomaji ulibadilika mbele ya macho ya watafiti kwa sababu ya kilichopikwa jikoni.

Kwa hiyo dona na sembe si kitu kimoja, wala mchicha si pambo la sahani. Ila nasimama hapa hapa. Kama APC imeshavunjika na kinyama kimeota, maharage hayatakiondoa. Nimemsikia mtu mwenye damu kwenye choo akishauriwa ale papai. Dunia nzima, mwaka 2022, waliogunduliwa na ugonjwa huu walikuwa zaidi ya 1,900,000 na waliokufa zaidi ya 900,000, na wengi wao walipita kwanza kwenye hatua ya kutoa damu isiyoonekana kwa macho. Seremala wetu yeye aliiona. Mwaka mmoja na nusu alinunua unga wa bawasiri kwa mtu wa gari lenye kipaza sauti. Alikuwa na bawasiri kweli. Alikuwa na kingine pia.

Choo kina habari. Kumbukeni seli za juu hudondoka ndani yake. Kipimo rahisi cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo kipo na si ghali. Marekani ilikubali mwaka 2014 kipimo kinachotafuta pamoja na damu zile karatasi za methili, na mwaka 2024 kipimo kinachosoma nakala za RNA zenyewe. Hivyo bado ni vya wenye bima nene.

Kilicho karibu nasi zaidi ni rangi. Kwenye maabara ya patholojia, kipande cha uvimbe huwekwa dawa inayoshika protini ya MLH1. Palipo na protini, viini vya seli vinakuwa kahawia. MLH1 ikiwa imenyamaza, viini vya saratani vinabaki bluu hafifu huku vya jirani mzima vikiwa kahawia. Kipimo hiki cha usomaji wa jeni unakitazama kwa jicho lako, kwa darubini ya kawaida. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti kwamba wamewapa dostarlimabu, dawa ya kuamsha kinga, wagonjwa 12 wenye saratani ya puru iliyokosa usahihishaji. Kwa wote 12 uvimbe ulitoweka, bila kisu, bila mionzi. Dawa ile bei yake inatisha na sitaidanganya kadamnasi hii kwamba iko dirishani. Rangi inapatikana. Ukiwa na ndugu aliyekatwa uvimbe wa utumbo, muulize daktari kwa adabu, "Je, MLH1 na wenzake wamepakwa rangi?" Jibu litamhusu mgonjwa, na kama ni ya ukoo, litawahusu watoto wake pia.

Nimezidisha dakika nane na mwenyekiti ananionyesha saa. Mzee wangu wa mkeka yupo, namwona safu ya tatu, kofia nyeupe, na mkono ameshaunyanyua. Tafadhali mpelekeeni kipaza sauti kwanza.